Ncha inayozunguka na herufi za mabango

Herufi nene, zilizobanwa ubavuni na kuviringwa miishoni, hutazamwa kama herufi za upole, zinazofaa peremende na vitabu vya watoto. Historia yake inanishawishi vingine. Umbo hilo lilizaliwa na vyombo vya kazi na ufinyu wa karatasi. Upole tumeuona baadaye.

Mwanzoni mwa karne ya 19, herufi kubwa za mabango zilipotengenezwa kwa risasi zilikuwa nzito na ghali, na uso wake haukutoka sawasawa ulipopoa. Mwaka 1827, Darius Wells wa New York alianza kuzichonga kwenye mbao ngumu kwa mashine yenye ncha inayozunguka, na mwaka uliofuata akatoa orodha yake ya kwanza ya mauzo. William Leavenworth akaongeza pantografu mwaka 1834, hivyo kielelezo kimoja kikaweza kutoa herufi za ukubwa mbalimbali. Herufi zikakua, lakini upana wa karatasi ulibaki uleule. Tangazo la mnada au la mchezo wa jukwaani lilipotaka neno refu lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara, njia ilikuwa kurefusha herufi kwenda juu, kuzibana na kuzinenepesha. Kufikia 1838, George Nesbitt, naye wa New York, alikuwa akiuza herufi za mbao zisizo na vikia, zenye kona za mviringo.

Anayepinga atasema mafundi walikuwa na visu vya kumalizia kona kali, kwa hiyo mviringo ulikuwa uamuzi wao. Ni kweli, hakuna mashine iliyomlazimisha Nesbitt. Lakini ncha inayozunguka huacha kona ya ndani ikiwa na mviringo. Ukali ndio uliodai mkono wa ziada. Ujerumani jambo hilo lilijirudia: herufi za kiwango cha DIN 1451 cha mwaka 1936, pamoja na zile nyembamba ziitwazo Engschrift, zilipochongwa kwa mashine kwenye vibao zilitoka na miisho ya mviringo, ingawa za kuchapa zilikatwa wima.

Pingamizi zito zaidi ni la miaka ya 1970. Fonti ya Frankfurter ilitoka 1970, Helvetica Rounded, yenye umbo nene lililobanwa, ikafuata 1978, na wakati huo hapakuwa tena na mbao wala ncha. Nakubali kwamba hapo sura ilitangulia. Hata hivyo, upangaji wa herufi kwa filamu nao ulikuwa na udhaifu wake: mwanga ulisambaa na kula kona, hata wachoraji wakachora vijipembe vya ziada ili kuziokoa. Herufi ya mviringo haikuwa na kona ya kupoteza. Ndiyo maana VAG Rounded, ndugu mpana wa Helvetica Rounded aliyechorwa kwa ajili ya vibao vya wauzaji wa magari ya Volkswagen na Audi mwishoni mwa muongo huo, iliweza kuhamia kwenye vitufe vya kompyuta za Apple na kusomeka kwa kimo cha milimita chache, hadi kampuni hiyo ilipoanza kuiondoa mwaka 2015.