Wigo wa Usonji

Mama mdogo alikuwa ameketi sebuleni kwake Tanga, simu kaiegemeza kwenye birika la chai, nami nikamsomea swali: bintiyo alipokuwa na miaka minne, mitano hivi, alikuwa akimtazama mtu machoni anapozungumza naye?

“Amtazame nani machoni?” akaniuliza. “Mtoto mwenye adabu huinamisha macho.”

Sikujua niandike nini. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu tu, na adabu haikuwamo hata kimoja.

Binti mwenyewe ni mdogo wangu, ana miaka 38, ni mhasibu katika mji wa Leicester, Uingereza. Mwanawe wa kiume alifanyiwa uchunguzi kupitia shule akaonekana ana usonji. Usiku ule mama mtu aliisoma ripoti mara mbili, na mara ya pili, anasema, alikuwa anajisoma mwenyewe. Kelele za jikoni zinazomchoma masikio, ratiba isiyotakiwa kuguswa, ile tabia ya kujua kila kitu kuhusu jambo moja. Akaenda kwa daktari wa mtaani kwao, naye akampa rufaa, akaingia kwenye foleni. Miongozo ya afya ya Uingereza inasema tathmini ianze ndani ya miezi mitatu tangu rufaa, lakini foleni haijasoma miongozo. Baada ya mwaka na ushee ikaja fomu ya kujazwa na mtu aliyemlea. Aliyemlea hajui Kiingereza, na mimi ndiye mfasiri wa ukoo, basi.

Nilidhani maswali ndiyo yatakayonitoa jasho, kumbe kichwa cha fomu: wigo wa usonji. Maneno mawili tu, na kila moja lilidai maelezo yake.

Tuanze na usonji, neno lililoshinda. Ndilo utakalolikuta redioni na kwenye mabango ya tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 ili dunia ipate habari za hali hii. Limevaa kiambishi u- na kukaa safu moja na upofu, uziwi na ualbino. Lakini ukilivua kiambishi, kinachobaki hakimwambii kitu msikilizaji wa kawaida. Mama mdogo alilisikia kama usongo. “Ana usongo na nani?” akauliza, tayari kwa ugomvi.

Jamaa zetu wa Maskati wanasema tawahudi, na hilo linajieleza. Ni Kiarabu, mzizi uleule wa tauhidi: umoja, upweke, kuwa peke yako. Linafuata kwa karibu neno la kitaalamu la Ulaya, ambalo daktari Mswisi Eugen Bleuler alilijenga kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya “mwenyewe”, akalitangaza mwaka 1911 alipokuwa anaandika juu ya skizofrenia. Alikusudia mgonjwa aliyejifungia ndani ya nafsi yake. Mwaka 1943, kule Baltimore, daktari Leo Kanner akaliazima kuwaeleza watoto 11 aliowachunguza, na tangu hapo likabaki kwao.

Kwa uaminifu wa tafsiri, tawahudi ni bora. Ila limeurithi na mzigo wake, kwa sababu linamshuhudia mtu kuwa anataka kuwa peke yake. Mdogo wangu hataki kuwa peke yake. Hupenda wageni, huwapikia pilau, kisha huenda kukaa bafuni robo saa, taa imezimwa, ndipo arudi kuwaaga. Kwa mtu kama huyo naona afadhali neno bubu. Usonji halisemi kitu, kwa hiyo halisemi uongo.

Wigo ndilo lililonikalisha kitako. Kwa wengi wetu leo ni upana wa jambo, mpaka linapofikia: wigo wa utafiti, wigo wa kodi. Maana yake ya zamani lakini ni ua, uzio wa miti unaozungushiwa nyumba au boma. Neno la Kiingereza linalofasiriwa hapa halikutoka kwenye boma, lilitoka kwenye mwanga. Ni lile alilolitumia Newton kwa rangi zinazotoka mwanga wa jua ukipita katika mche wa kioo, nyekundu ikiyeyuka kuwa ya chungwa bila mtu kuona mpaka. Aliyelileta kwenye usonji ni Lorna Wing, daktari wa akili wa London ambaye binti yake mwenyewe alikuwa na hali hiyo. Mwaka 1979, yeye na Judith Gould walichapisha uchunguzi wao wa watoto wa mtaa wa Camberwell, wakaonyesha kuwa pembeni ya watoto wanaolingana na maelezo ya Kanner wapo wengi zaidi wenye baadhi ya sifa hizo, kwa viwango na sura tofauti. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukayakunja majina yaliyokuwa yametapakaa, likiwemo la Asperger, kuwa jina moja lenye upana huo ndani yake.

Basi Mwingereza anaona upinde wa mvua, Mswahili anaona ua. Nilikuwa karibu kulalamika kuwa tafsiri imeharibu picha. Kisha nikamfikiria mdogo wangu kwenye foleni. Upinde wa mvua hauna mlango, na kila siku utamsikia mtu akisema kwamba sote tumo humo kidogo kidogo. Yeye alikuwa anangoja jibu la ndiyo au hapana. Tathmini ina kizingiti: uwe na shida za kudumu za mawasiliano na watu, uwe na mienendo ya kujirudia au hisi zilizopitiliza, mambo hayo yawe yalianza utotoni na yawe yanakukwamisha maishani. Ukitimiza umo, usipotimiza humo. Huo ni ua. Ndani yake watu hawafanani: yupo asiyesema neno, yupo mhasibu. Neno letu limebeba vitu vyote viwili, upana na mpaka.

“Kwa hiyo wanataka kumpima,” alisema mama mdogo nilipomweleza hayo. Kupima ndilo neno la mtaani: ukapime malaria, ukapime presha. Hapa linapotosha, maana hakuna damu inayotolewa wala picha ya ubongo inayotoa jibu. Zipo hojaji, mojawapo ikiwa ile ya sentensi 50 iliyotungwa Cambridge na kuchapishwa mwaka 2001, lakini alama zake zinasema tu kama inafaa uende mbele. Tathmini yenyewe ni mazungumzo marefu. Mtaalamu anakuuliza habari za kazi na marafiki, anakupa picha uisimulie, huku akiangalia mikono yako, sauti yako, na jinsi unavyopokea zamu ya kuongea. Kisha anamgeukia aliyekuona ukiwa mdogo.

Jina la matokeo ni utambuzi, na hapo Kiswahili kimepatia. Unakitambua kitu kilichokuwepo. Wanaojiona kwenye maelezo kabla ya kumfikia daktari, tunaweza kusema wamejitambua, ingawa mtaani “hajitambui” ni tusi, na mdogo wangu amelipata mara nyingi kwa kusema ukweli mahali pasipotakiwa.

Turudi kwenye macho. Nilijaribu kuliuliza lile swali kwa njia nyingine: akiona kitu cha kumfurahisha, ndege au gari la moshi, alikuwa anakugeukia ili nawe ukione? Mama mdogo alinyamaza. “Hapana,” akasema taratibu. “Alikuwa anakiangalia yeye.” Na kwenye salamu? Kwenye salamu hakuwa na dosari: shikamoo, habari za nyumbani, habari za watoto, zote kwa mpangilio, kuliko ndugu zake. Hapo nilianza kuelewa kwa nini Tanga haikumwona. Salamu zetu zimeandikwa tayari. Mtoto anayependa utaratibu anazikariri na kuonekana ana adabu kupindukia. Alipofika Leicester, ambako watu kwenye lifti wanaanzisha maneno kutoka popote, hakukuta cha kukariri, ikambidi aige. Wataalamu wanajua kuwa wengi, hasa wanawake, huuficha usonji wao kwa kuiga wenzao, na kuiga huko kunachosha. Kwa herufi moja tu ya mbele, wigo unakuwa mwigo.

Swali la mwisho lilihusu kuyachukua maneno kama yalivyosemwa. Mama mdogo akacheka kwanza. Siku moja alimwacha mbele ya duka la Mpemba, akamwambia, “Simama hapa, nakuja sasa hivi.” Akakutana na mtu, mambo yakawa mengi, akapitiliza nyumbani akijua mtoto atafuata. Alimkuta magharibi amesimama palepale, jua limemchoma, mwenye duka kamletea kigoda na amekataa kukaa kwa sababu aliambiwa asimame.

Kicheko kikakatika. “Nilimchapa,” akasema. “Nilidhani ananifanyia jeuri.”

Niliyaandika yote mawili, kusimama na kuchapwa, kwenye nafasi ya maelezo ya ziada. Asubuhi yake simu ikaita kabla sijanywa chai. Lipo kopo la maziwa juu ya kabati, akasema, limejaa vifuniko vya soda alivyokuwa akivipanga kwa rangi, na hakuwahi kulitupa kwa sababu mtoto alimwambia asilitupe. Je, fomu imeshatumwa, au bado panaingia?