Jamaa wa Askari: Daftari la Jeshi na Daftari la Ukoo

Mtu akiulizwa kijijini jamaa zake ni nani, hawezi kujibu kwa pumzi moja. Atamtaja baba aliyemzaa, kisha baba mkubwa na baba mdogo, ambao nao ni baba zake. Atamtaja mama, shangazi na mjomba. Na watoto wa baba zake hao atawaita kaka na dada. Mkono mmoja haulei mwana, wasema wahenga. Na mwana aliyelelewa kwa mikono mingi ana deni kwa mikono yote hiyo.

Jeshi la kikoloni lilikuja na hesabu nyingine. Jeshi la Waingereza la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902 na kujulikana na wananchi kwa jina la Keya, liliandikisha vijana wengi wa Kiyao. Katika Wayao, kama ilivyo kwa Wamakonde na Wamwera, ukoo hufuatwa upande wa mama, na kwa desturi ya jadi mrithi wa mtu ni mpwa wake, yaani mtoto wa dada yake. Lakini Wazungu waliotunga kanuni za jeshi walipofikiri juu ya jamaa wa askari, waliwaza mume, mke na watoto, kama ilivyokuwa kwao. Mpwa, aliyekuwa wa kwanza katika daftari la ukoo, hakuwa na mahali penye hakika katika daftari la jeshi.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilidhihirisha uzito wa jambo hili. Waliopata taabu kubwa hawakuwa wenye bunduki, bali wapagazi. Inakadiriwa kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia watu karibu milioni moja kubeba vyakula na risasi, na kwamba karibu 100,000 kati yao walikufa, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi za adui. Katika Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi.

Mpagazi alipokufa, mshahara wake uliosalia ulipaswa kuwafikia jamaa zake. Lakini jamaa gani, na wa nani? Mtu mmoja aliweza kuwa na jina la utotoni, jina la jandoni na jina la baba yake. Karani aliandika lile alilolisikia, tena kwa tahajia yake mwenyewe. Shangazi aliyemlea yatima yule, au ndugu aliyemtolea ng'ombe wa mahari, angethibitishaje haki yake mbele ya meza ya ofisi? Ushahidi wake ulikuwa katika vinywa vya wazee, nayo ofisi ilitaka karatasi. Hivyo fedha nyingi zilibaki bila kudaiwa. Ilipopendekezwa baadaye kwamba zitumike kwa manufaa ya Waafrika wenyewe, serikali ya Uingereza ilikataa.

Katika Vita Kuu ya Pili, watu zaidi ya 300,000 wa Afrika Mashariki waliingia jeshini, na wengine walifika Uhabeshi, Bukini na Burma. Safari hii askari aliweza kutenga sehemu ya mshahara wake ipelekwe nyumbani kwa mikono ya maofisa wa wilaya. Hata hivyo swali lilikuwa lile lile. Mke alisema fedha ni za kulisha watoto. Baba mzee alisema mwana ni wake. Kaka alisema ndiye aliyeachiwa mji na mifugo. Kila mmoja alisema kweli. Kosa lilikuwa katika utaratibu uliotaka jina moja mahali ambapo desturi ilitaja watu wengi.

Haifai kudhani kwamba haya ni mambo yaliyokwisha. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile ya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mtu asiye na jina hana jamaa anayeweza kumdai.

Basi mwalimu na mwanafunzi wana kazi ya kufanya. Wawaendee wazee, waulize nani katika ukoo alikwenda Keya au Kariakoo akakosa kurudi, na nani aliachwa akimngojea. Waandike majina yote, pamoja na ya mpwa na shangazi. Daftari la ukoo lilidharauliwa kwa sababu halikuandikwa. Sasa tunao uwezo wa kuliandika.