Mikono Iliyokatazwa Kusema

Mwezi wa Septemba 1880, walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali, hasa za Ulaya, walikutana mjini Milan, Italia. Karibu wote walikuwa watu wasikiao. Waliazimia kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kutamka na kusoma midomo, na ishara ziondolewe darasani. Hivyo njia aliyoieneza Padre Charles-Michel de l'Épée mjini Paris zaidi ya miaka 100 kabla yake ikatupwa, na shule nyingi zikawakataza watoto kuitumia mikono yao.

Wapinzani wa ishara waliziona kuwa maigizo tu, si lugha. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika Chuo cha Gallaudet, Washington, alichapisha uchunguzi uliolibomoa wazo hilo. Alionyesha kwamba ishara za viziwi wa Marekani hugawanyika katika umbo la mkono, mahali pake na mwendo wake, kama neno ligawanyikavyo katika sauti. Vidole vyote vikiwa vimetanuliwa, kidole gumba kikigusa kidevu, hiyo ni "mama". Kikigusa paji la uso, ni "baba". Mahali tu pamebadilika, kama sisi tubadilivyo sauti moja tukapata "pata" na "bata".

Waliomfuata walikuta sarufi katika nafasi iliyo mbele ya mnenaji. Mkono ukitoka kwangu kuja kwako, husema "nakupa"; ukigeuza njia, "wanipa". Kazi ya viambishi vyetu hufanywa na mwelekeo. Nyusi zikiinuliwa, kauli huwa swali, kama sauti yetu inavyopanda tunaposema, "Amekuja?"

Lugha za ishara ni nyingi, na Afrika Mashariki inazo zake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliitaka Serikali ihimize ukuzaji wa lugha ya ishara. Ile ya Kenya ya mwaka 2010 ikaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mwaka huohuo, mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, uliyakataa maazimio ya Milan. Miaka 130 ilikuwa imepita.

Ndugu walimu, baadhi yetu tulivishwa kibao shingoni kwa kunena lugha ya mama shuleni. Hatuhitaji kuelezwa adhabu hiyo huacha nini moyoni. Basi kabla ya kumwambia mtoto kwamba asemavyo si lugha, yatupasa kwanza tuitafute sarufi yake.