Chevreul na Asidi za Mafuta

Mwaka 1811, jijini Paris, kijana Michel Eugène Chevreul alipewa sabuni laini ya mafuta ya nguruwe na potashi aichunguze. Alipoitia katika maji mengi, sehemu yake ilijitenga ikatuama, ikimetameta kama lulu. Humo akapata kitu cheupe kilichoteleza kama mafuta, lakini tabia yake ni ya asidi.

Kwa karne nyingi watu walichemsha mafuta na majivu wakapata sabuni, na wanakemia wengi waliamini kwamba mafuta huungana mazima na alkali. Chevreul alipima. Alijumlisha uzito wa asidi zilizotoka na wa gliserini, kimiminika kitamu alichokwisha kukigundua mwanakemia Scheele wa Sweden. Jumla ikazidi mafuta aliyoanza nayo! Ziada hiyo ilikuwa maji. Kumbe mafuta ni asidi na gliserini zilizoshikana baada ya kutoa maji, muungano unaoitwa leo esta. Alkali huuvunja, asidi ikageuka chumvi, na chumvi hiyo ndiyo sabuni.

Kila asidi aliisafisha tena na tena mpaka joto lake la kuyeyuka lisibadilike. Majina aliyatoa kwenye asili yake: iliyonuka siagi iliyochacha akaiita butiriki, kwa jina la Kilatini la siagi, zilizonuka beberu zikawa kaproiki na kapriki, ya shahamu ikawa steariki. Ile ya lulu, margariki, haikudumu: katika miaka ya 1850 mwanakemia Heintz alionyesha kuwa ni mchanganyiko wa steariki na asidi nyingine, palmitiki.

Mwaka 1825 Chevreul na mwanakemia mwenzake Gay-Lussac walichukua hataza ya mishumaa ya asidi hizo, lakini biashara haikusimama. Ilimngoja Adolphe de Milly, aliyetumia chokaa, alkali ya bei nafuu.

Asidi zilipozidi kuongezeka, majina ya harufu na wanyama hayakutosha. Mwaka 1892 wanakemia walikutana Geneva, wakaamua jina lifuate idadi ya kaboni: butiriki yenye kaboni 4 ikawa butanoiki, kaproiki yenye 6 heksanoiki, steariki yenye 18 oktadekanoiki. Chevreul hakuyasikia, alifariki 1889 akiwa na miaka 102. Vitabu vya kemia vilifuata Geneva, ilhali viwanda vya sabuni na mishumaa mpaka leo huagiza steariki.