Mwenge wa Uhuru: kutoka kilele cha Kibo hadi miradi ya Kilosa

Ikisikika tu kwamba Mwenge wa Uhuru unakuja, ofisi za Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, hazilali. Barabara za vumbi hupitishwa greda, mafundi huongezwa kwenye darasa lililokwama kwenye linta, na mafaili ya miradi hupangwa upya: mkataba, hati za malipo, stakabadhi. Katika kata kama Chanzuru, babu na mjukuu wanaweza kusimama kando ya barabara moja wakaushangilia, kila mmoja kwa sababu yake.

Sababu ya babu ilianzia bungeni. Tarehe 22 Oktoba 1959, Julius Nyerere aliliambia Baraza la Kutunga Sheria kwamba Watanganyika wangependa kuwasha mwanga juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka, uwape tumaini waliokata tamaa na heshima waliodharauliwa. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge na bendera mpya hadi Kibo, kileleni mwa mlima huo. Kilele ambacho Wajerumani walikipa jina la mfalme wao, Kaiser Wilhelm, kikaitwa Uhuru.

Maneno ya kumulika nje ya mipaka hayakuishia kwenye hotuba. Mkoani Morogoro watu waliyaona kwa macho. Mwaka 1969 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa mjini Morogoro. Baadaye wakimbizi wake walipewa ardhi Mazimbu na Dakawa, wakajenga shule, makazi na mashamba. Shule ya Mazimbu ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979. Kwa kizazi hicho, uzalendo ulikuwa pamoja na kumpokea mgeni anayepigania nchi yake.

Mbio za Mwenge zilianza mwaka 1964 chini ya Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ujumbe ukageukia ndani: kujitegemea, kazi za kujitolea, vita dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi. Katika wilaya iliyozoea mashamba ya mkonge ya walowezi tangu enzi za Mjerumani, wazo kwamba nchi ni ya wenyewe halikuwa jambo dogo.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, swali likabadilika: Mwenge ni wa chama au wa taifa? Mbio zikahamishiwa serikalini, lakini ubishi haukuisha. Wapo wanaosema gharama na michango yake ni mzigo, na mikesha yake huchochea maambukizi ya Ukimwi. Wapo wanaotaka upelekwe makumbusho. Watetezi hujibu kwamba ni miongoni mwa mambo machache yanayowakutanisha Watanzania wa kila dini, kabila na chama. Mwaka 2020 mbio zilisitishwa kwa sababu ya korona, na fedha zake zikaelekezwa kwenye sekta ya afya. Nchi haikuyumba, lakini mwaka uliofuata Mwenge ulirudi barabarani.

Ulirudi na kazi ya zama hizi. Kila mwaka hubeba ujumbe: mwaka 2022 ulikuwa sensa, mwaka 2023 mazingira na vyanzo vya maji. Kilele chake huwa tarehe 14 Oktoba, siku Mwalimu Nyerere alipofariki mwaka 1999. Njiani, kiongozi wa mbio kitaifa hufungua bomba la kisima, hugonga ukuta wa zahanati, huuliza bei ya saruji, kisha hudai nyaraka. Zikipishana na jengo, hukataa kuzindua mbele ya umati, na vyombo vya uchunguzi huagizwa kufuatilia. Hapo ndipo mjukuu hupiga makofi.

Ni uzalendo tofauti na ule wa 1961, lakini si mdogo. Babu alitaka mkoloni aondoke. Mjukuu anataka fedha ya umma ionekane kwenye tofali. Kasoro iko kwingine. Darasa likimalizwa kwa sababu tu Mwenge unapita, alama ya taifa imefanya kazi ambayo diwani, mhandisi na kamati ya kijiji walipaswa kuifanya mwaka mzima. Wananchi wa Chanzuru wana haki ya kuuliza maswali yaleyale ya bei na stakabadhi siku yoyote kwenye mkutano wa kijiji, bila kusubiri msafara.