Mnyororo Wenye Majina Manne

"Shikamoo mjomba," aliniandikia mpwa wangu, fundi wa karakana ya malori Mwanza. "Nitafutie huko mnyororo wa kunyanyulia injini. Saizi 30."

Nilimwitikia marahaba, nikaona shughuli yenyewe ni ya asubuhi moja. Nilikuwa Sandton, Afrika Kusini, mji ambao hata jina lake limeungwa kama mnyororo: nusu limetoka Sandown na nusu Bryanston, vitongoji viwili vilivyowekwa chini ya manispaa moja mwaka 1969. Hapo ndipo lilipo jengo la Leonardo, lililokamilika 2019 likiwa na ghorofa 55, refu kuliko Carlton Centre ya katikati ya Johannesburg yenye mita 223. Ukitoka kwenye minara hiyo, mwendo ni mfupi tu kufika Wynberg, eneo la viwanda na maghala linalopakana na Alexandra. Huko nikapata duka la vifaa vya kunyanyulia mizigo.

Muuzaji alikuwa mzee wa Kizulu. Aliniita baba, neno la heshima kwake kama lilivyo kwangu, kisha akaniuliza: "Saizi 30 ya nini?"

Sikuwa na jibu. Alinipeleka kwenye kona ya ghala akanionyesha mnyororo ambao chuma chake kina unene wa milimita 32. Pete moja tu haikuenea kiganjani mwangu. Huo, aliniambia, hubeba tani 31.5. Kisha akaulaza juu ya meza mnyororo mwingine, mwembamba zaidi, akatumbukiza rula ndani ya tundu la pete moja. Milimita 30 kamili. Akapima chuma chenyewe: milimita 10. Mpwa wangu alikuwa amepima tundu, na mzee alikuwa akiuliza habari za chuma. Wote wawili wakaita saizi.

Tangu siku ile nimeliwekea neno hilo kinyongo. Saizi ni neno jema kwa viatu na mashati, ambako kila mtu anajua kinachopimwa. Kwenye mnyororo halisemi lolote mpaka utaje umepima wapi. Kiswahili hakina upungufu hapo. Tuna unene, tuna urefu, tuna upana, tuna kimo. Tumeyaacha maneno yetu manne sahihi tukashika moja la mkopo lisilo na mipaka.

Wala mpwa wangu hakukosea kwa uvivu. Alifuata desturi ya karakana. Mnyororo wa baiskeli na wa pikipiki huitwa kwa nafasi iliyopo kati ya pini na pini, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo inayopaswa kulingana na meno ya gia. Kila bodaboda anaijua namba 428. Ile 4 ya mwanzo ni nane-za-inchi nne, yaani nusu inchi, milimita 12.7. Mnyororo wa kunyanyulia una desturi nyingine: jina lake ni unene wa chuma, kwa kuwa chuma ndicho kinachobeba. Urefu wa tundu hufuata nyuma. Katika mnyororo wa pete fupi unaotumika kuning'inizia mizigo kwenye ndoano ya winchi, tundu ni mara tatu ya unene. Ndiyo maana 10 ilizaa 30.

Nafasi hiyo ya kutoka pete hadi pete ninaomba tuiite hatua. Mnyororo hutembea, na kila pete ni hatua yake moja. Fundi wa chenibloku (kifaa cha kunyanyulia mizigo kwa mnyororo) atalielewa neno hili kuliko wote, kwa sababu mnyororo wa chenibloku hupita juu ya gurudumu lenye vishimo, na kila pete lazima itue ndani ya kishimo chake. Hatua ikizidi kidogo tu, pete hupanda ukingo na mzigo huruka. Kwa hiyo mnyororo wa chenibloku hutengenezwa kwa vipimo vikali, na haufai kukatwa ukafanywa wa kuning'inizia mzigo kwenye ndoano. Vivyo hivyo, ule wa kuning'inizia mzigo haufai kuingizwa kwenye chenibloku.

Sasa nirudi kwenye neno mnyororo lenyewe. Limebeba mengi mno. Waandishi wa uchumi wana mnyororo wa thamani na mnyororo wa ugavi. Mkunazini, Unguja, kwenye sanamu la watumwa kando ya Kanisa Kuu la Anglikana, ni chuma kilichofungwa shingoni mwa watu wa zege. Wenye tarika wana silsila yao ya masheikh, wenye vito wana mkufu, mabaharia wana amari ya nanga. Wazulu husema iketanga, neno walilolitohoa kutoka ketting ya Kiafrikaans. Kwetu, mnyororo mtupu ni kama jina la ukoo: hujamtaja mtu mpaka utaje jina lake.

Hapo ndipo sarufi yetu inapotufaa. Kauli ya kutendea hutaja matumizi ndani ya kitenzi chenyewe. Mnyororo wa kunyanyulia. Mnyororo wa kufungia. Mnyororo wa kuvutia. Mnyororo wa kuendeshea. Ipo minyororo ya rangi ya dhahabu, ya daraja la 70, ambayo madereva wa malori huitumia kufungia shehena isiteleze njiani. Ni imara kweli, lakini haikuundwa kunyanyulia. Kati ya kufungia na kunyanyulia kuna kitenzi kimoja tu, na chini ya kitenzi hicho amesimama mtu.

Jina linalofuata ni daraja. Hili nalipenda kuliko yote. Kwenye mnyororo, daraja ni nguvu ya chuma. Daraja la 80 maana yake pete haipaswi kukatika kabla mkazo haujafika nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba. Mzee wa Wynberg alinipigia hesabu hii nyuma ya risiti. Pete ya unene wa milimita 10 ina kuta mbili za chuma, kila moja ina eneo la milimita za mraba 78.5, jumla 157. Zidisha kwa 800, unapata nyutoni 125,600, karibu uzito wa tani 12.8. Gawanya kwa nne, kwa kuwa kanuni za mitambo za Afrika Kusini za mwaka 2015 zinataka mnyororo wa chuma cha aloi uwe na nguvu mara nne ya mzigo wake, na ule wa chuma cha kawaida mara tano. Inabaki tani 3.2. Kwenye jedwali imeandikwa 3.15.

Kisha akanionyesha hatari iliyo ndogo kuliko kidole. Juu ya pete hupigwa muhuri wa daraja, na mara nyingi sifuri moja huachwa: 8 badala ya 80, 10 badala ya 100. Kwa hiyo namba 10 yaweza kuwa daraja, yaweza kuwa unene. Mnyororo wa unene wa 8, daraja la 10, hubeba tani 2.5. Mnyororo wa unene wa 10, daraja la 8, hubeba tani 3.15. Anayesema "nipe nane kumi" na anayesikia "kumi nane" wametofautiana kwa kilo 650, na wote wawili wataondoka wakidhani wameelewana.

Bado kuna miguu, yaani vipande vya mnyororo vinavyoshuka kutoka kwenye ndoano moja. Ukining'iniza mzigo kwa miguu miwili ya mnyororo wa milimita 10, daraja la 80, unabeba tani 4.25 maadamu kila mguu haujainama zaidi ya nyuzi 45 kutoka kwenye wima. Ukiitanua kupita hapo hadi nyuzi 60, kikomo hurudi tani 3.15, sawa na mguu mmoja. Na chuma kikishalika asilimia 10, yaani 10 ikawa 9, mnyororo hauna daraja tena. Ni chuma chakavu.

Nilirudi Sandton nikilitafakari neno daraja, kwa sababu mji huo una daraja lake la kukumbukwa. Tarehe 14 Oktoba 2015, siku ambayo sisi Watanzania tunamkumbuka Mwalimu Nyerere, jukwaa la muda la daraja la waenda kwa miguu lililokuwa likijengwa karibu na Grayston Drive liliporomoka juu ya barabara kuu ya M1. Watu wawili walikufa na 19 wakajeruhiwa. Daraja lile lilikusudiwa kuunganisha Alexandra na Sandton. Halikuanguka kwa sababu ya mnyororo. Hata hivyo, kwangu ni ushahidi kwamba kazi yoyote ya kuweka vitu vizito juu ya vichwa vya watu haikubali maneno ya kukadiria.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeagiza kwa neno saizi ameugeuza mzigo wa fundi kuwa usufi, kwa kuwa si yeye atakayesimama chini yake.

Jioni ile nilimwandikia mpwa wangu upya: "Mnyororo wa kunyanyulia, daraja la 80, unene milimita 10, hatua milimita 30, miguu miwili. Mzigo wako una tani ngapi?" Akajibu: "Moja na nusu, mjomba. Sasa nimeelewa." Nilinunua, nikahakikisha una kibati chake chenye kikomo cha mzigo.

Nawaomba wenzangu wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), walimu wa vyuo vya ufundi na mafundi wote: tuyape maneno haya makazi kwenye kamusi, vitabuni na kwenye vitabu vya oda. Nawe msomaji, siku utakapoagiza mnyororo, taja kazi, daraja, unene na hatua. Saizi iachie duka la viatu.