Kiboko: Kutoka Ngozi ya Mnyama hadi Hesabu ya Adhabu

Kiboko cha adhabu kilipata jina kwa mnyama wa mtoni. Ngozi yake nene ilikatwa mikanda mirefu, ikakaushwa mpaka ikakakamaa, ikawa mjeledi wa kumchana mtu mgongo kwa mapigo machache. Misafara ya karne ya 19 iliujua. Huko Kongo ya Mfalme Leopold II, kuanzia 1885, Wabelgiji waliuita chicotte.

Wajerumani, basi, walipokuja kutawala Afrika Mashariki waliukuta. Walichoongeza ni sheria. Amri ya Chansela ya tarehe 22 Aprili 1896 iliweka kikomo: mapigo 25 kwa mkupuo, na yakizidi hapo, mkupuo wa pili usubiri majuma mawili. Wanawake hawakuchapwa, wala Waarabu na Wahindi. Mgongo uliobaki ni wa mwanamume Mwafrika. Amri ilikusudiwa kupunguza ukatili, lakini kikomo kikageuka kipimo. Bomani, mbele ya watu waliokuja kusikilizwa mashauri yao, mkosaji alilazwa kifudifudi, askari akahesabu. Watu wakaiita adhabu yenyewe kwa idadi yake: hamsa ishirini. Sijui kama yupo mtunga sheria aliyepata kulipwa kejeli kali kuliko hiyo.

Kiboko kilihamia pia kwenye mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Ndiyo maana Wamatumbi, Julai 1905, walianza Vita vya Majimaji kwa kung'oa miche ya pamba. Vita vilipokwisha mwaka 1907, waziri wa makoloni Bernhard Dernburg alizuru koloni na kushangaa kuona Wazungu wakitembea na mjeledi mkononi. Masharti yalikazwa, kuchapa hakukukoma.

Machi mwaka huohuo, upande wa Waingereza, jijini Nairobi, mlowezi Ewart Grogan aliwachapa hadharani Wakikuyu watatu, wavuta rikisho, mbele ya mahakama. Kosa walilotajiwa ni ujeuri kwa wanawake wa Kizungu. Grogan alifungwa mwezi mmoja, tena kwa kosa la mkusanyiko haramu.

Chini ya Waingereza fimbo ilichukua nafasi ya ngozi, jina likabaki. Kiboko hakikuwa tena kitu cha kushikwa tu, bali pigo lenyewe: mtu "alikula viboko sita" hata kama alichapwa kwa henzirani.

Uhuru uliurithi msamiati huo pamoja na hesabu yake. Sheria ya Adhabu za Chini ya Tanganyika ya 1963 iliamuru viboko 24 kwa makosa kadhaa, wizi wa mali ya umma ukiwamo: 12 mfungwa aingiapo gerezani, 12 atokapo. Mikupuo miwili, kama mwaka 1896. Kenya iliifuta adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001 na mahakamani mwaka 2003. Tanzania Bara, kanuni za shule za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kila kimoja kiingizwe daftarini.